Spika ya Kushoto

3 Februari

Bisibisi, dada yangu,

Kabla hujauliza: wote wazima, paa halivuji, na mke wangu bado hajanifukuza. Lakini huenda akanifukuza karibuni, maana nimekiteka chumba cha binti zetu pacha. Tangu waolewe kilikuwa kimegeuka stoo ya ndoo na masanduku. Nimetoa vitanda, nimepaka rangi, nimetandika zulia, na nimetangaza kwamba sasa ni chumba cha muziki. Miaka yote niliyozunguka porini na kamba na darubini nikipima mashamba ya watu, nilijiahidi kwamba nikistaafu nitakaa kwenye kiti kimoja nisikilize muziki mpaka mwisho bila mtu kuniita.

Sasa nataka spika. Nimwendee mgeni wa nini na dada yangu ndiye fundi wa spika? Nimeziona zile ndefu za kusimama sakafuni, zinanifika kifuani. Hizo ndizo moyo wangu umezipenda. Mchoro wa chumba uko nyuma ya karatasi hii: dirisha kushoto, kabati la ukutani kulia, mlango nyuma ya kiti.

Nijibu kwa barua, usipige. Simu inanichosha siku hizi, mtandao wa huku mbovu, nasikia maneno nusunusu. Halafu barua ina nafasi ya kuchora.

Kaka yako

10 Februari

Kaka,

Mama Pacha ana subira ya ajabu. Mimi ningekulaza humo humo chumbani na ndoo zako.

Mchoro wako mzuri, uchaguzi wako mbaya. Spika ndefu kwenye chumba kile ni sawa na kufuga ng'ombe jikoni. Besi itajaa pembeni, itavuma, hutasikia mwimbaji anasema nini. Wewe chukua ndogo, uziweke juu ya stendi, sauti itoke usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Najua utabisha. Sikio la kufa halisikii dawa, na lako tangu utotoni halikusikia ya mtu. Kwa hiyo sikungoji: nimekwisha kuzifunga mbili ndogo, ziko kwenye lori la mteja wangu anayekuja huko.

Zikifika, usizibandike ukutani. Acha nafasi nyuma, urefu wa mkono mzima. Usizisukume pembeni. Kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kitini, umbali uwe mmoja, kamba yako itakusaidia. Kisha zigeuze nyuso kidogo zikuelekee. Ukipatia, mwimbaji atasimama katikati, pale pasipo na spika yoyote, utadhani ukinyoosha mkono utamgusa shati. Watu wazima wamelia karakanani kwangu kwa sababu ya hicho tu.

Niandikie uniambie mwimbaji wako amesimama wapi.

Bisibisi

24 Februari

Dada,

Umeshinda. Ndogo zinatosha, na nimeshangaa kiboksi kile kinatoa wapi besi yote ile. Usimwambie mtu kwamba nimekubali.

Ila mwimbaji hasimami katikati. Amejibanza kulia, karibu na kabati, kama mgeni aliyeingia sebuleni na viatu vya matope. Spika ya kushoto imenuna. Inaimba, lakini kwa mbali, kama iliyofunikwa blanketi. Nimepima kwa kamba, nimerudia, pembetatu ni sawasawa hadi upana wa kidole. Kama kuna kosa, si la kupima.

Itakuwa nini?

Kaka yako

2 Machi

Kaka,

Usiogope, vyumba vina visirani vyao. Naanzia dirishani: likiwa wazi, sauti ya upande huo inatoka kwenda kuwaburudisha majirani. Lifunge, weka pazia zito. Kabati la kulia lina milango ya mbao mitupu, hiyo inaitupa sauti usoni mwako. Ifungue, tundika mablanketi ndani. Rudisha kiti nyuma kidogo.

Ikiwa bado, hamisha maboksi yenyewe: la kushoto liende kulia, la kulia lije kushoto. Ugonjwa ukihama na boksi, spika ndiyo mbovu, na nitaitengeneza. Ukibaki palepale, tutatafuta kwingine.

Na Mama Pacha je? Mkalishe kwenye kiti. Yeye anamsikia wapi mwimbaji?

Bisibisi

9 Machi

Dada,

Nimefanya yote. Nimehamisha maboksi na ugonjwa umehama na boksi. Basi ni spika, bila shaka iliumia kwenye lori. Nimempa dereva airudishe. Nitumie nyingine.

Mama Pacha sikumsumbua. Kwake muziki ni mbuzi kupigiwa gitaa.

Kaka

20 Machi

Wifi yangu Mama Pacha,

Usishtuke kuona barua yangu imekuja dukani kwako badala ya nyumbani. Nimefanya hivyo makusudi, na nakuomba uisome peke yako.

Kaka amenirudishia spika akisema ni mbovu. Nimeifungua yote. Nimepima waya, nimekagua koni, nimeiweka karibu na nyingine nikazipigisha kwa zamu. Haina kasoro. Kwanza nililaumu lori, kisha nikajilaumu mwenyewe, nikaifungua tena. Wifi, spika hii ni nzima kama siku ilipotoka hapa. Na kaka yangu ni mtu asiyekosea kupima hata akiwa usingizini. Amesema ugonjwa ulihama na boksi. Haukuhama, amenidanganya, na mimi sijawahi kumwona akidanganya katika jambo la vipimo.

Sitaki kuandika ninachofikiria. Lakini wewe uliingia nyumbani kwetu baada ya Baba kufariki, hukumwona alivyoanza. Alianza na simu. Alisema laini mbovu. Halafu akawa anasikia mluzi usiokuwepo. Halafu akawa anashika kuta akitembea. Ilikuwa uvimbe kichwani, kwenye mshipa wa sikio.

Niambie ukweli. Kaka anakusikia ukizungumza upande wa kushoto? Anatembeaje?

Niambie nimekosea unicheke.

Wifi yako, Bisibisi

27 Machi

Wifi,

Ningependa kukucheka.

Amehama upande wa kitanda. Alisema godoro limebonyea kwake, nikaamini, nikaligeuza. Tukitembea njiani ananiweka kulia kwake, nikisahau nikapita kushoto ananivuta mkono kama mtoto anayevuka barabara. Nilidhani ni mapenzi ya uzeeni, nikawa naringa. Juzi aliniuliza ni nani ameacha birika jikoni linapiga mluzi. Jiko lilikuwa limezimwa. Asubuhi akienda bafuni mkono wake unaburuta ukutani, nimeona rangi imeanza kuchafuka mstari mzima, nikamgombeza kwa sababu ya rangi. Nimemgombeza, wifi.

Na kuna hili. Kabla hajakurudishia ile spika, niliingia kwenye kile chumba nikamkuta amegeuza kiti, amezipa spika mgongo, anatazama ukuta, sauti iko juu na machozi yanamtoka. Nikauliza kuna nini. Akaniambia ni wimbo mzuri tu. Redio ilikuwa inasoma taarifa ya hali ya hewa.

Sikuelewa kiti kilikuwa na maana gani. Wewe fundi unaelewa? Nikimuuliza ananikatiza maneno, anatoka nje kumwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa. Sasa nalala nikimsikiliza anavyopumua. Niambie nifanye nini, maana mimi naogopa hata kumwita jina asije akakosa kuitika.

Mama Pacha

3 Aprili

Kaka,

Spika uliyorudisha ni nzima. Mama Pacha ameniandikia, na usimguse hata kwa neno moja kwa sababu ni mimi niliyemuuliza.

Amenieleza kuhusu kiti. Mimi sikukuagiza ugeuze kiti, umefika huko kwa akili yako mwenyewe. Ukizipa spika mgongo, kulia kwa chumba kunakuwa kushoto kwako. Kama chumba ndicho kibovu, mwimbaji alipaswa kuhamia upande wako wa kushoto. Je, alihama?

Sitaki jibu la kunifurahisha. Andika alihama, au hakuhama.

Bisibisi

10 Aprili

Dada,

Tangu lini watu wakaandikiana barua kuhusu mimi kupitia dukani, kana kwamba mimi ni mtoto aliyetoroka shule? Nina nyumba yangu, nina mke wangu, nina chumba changu. Nilikuomba spika tu. Kama huwezi kuuza spika bila kuchungulia kitanda cha mtu, sema nikanunue kwingine.

Barua hii ilikuwa iishie hapo juu. Nimeiacha mezani siku nzima, nimeirudia.

Hakuhama.

Sisi wapima ardhi tukipata kosa hatugombani na ardhi. Tunakigeuza chombo nyuma, tunapima tena alama ileile. Kosa likigeuka pamoja na chombo, basi kosa liko kwenye chombo. Vijana wangu niliwafundisha hivyo wote. Nikageuza kiti, mwimbaji akageuka pamoja nami, akaja kusimama kulia kwangu tena. Chombo ni mimi.

Nilirudia kwa redio, kwa saa ya mezani, kwa kugonga kijiko kwenye kikombe. Kushoto hakuna kitu ila mluzi. Na nilijua kabla, Bisibisi. Nilijua tangu simu. Hiki chumba nilikitengeneza nikitumaini kwamba spika nzuri zingenionyesha nimekosea, na kila ulichoniambia nibadilishe nilikibadilisha kwa furaha, maana siku ile nilikuwa na kitu kingine cha kulaumu: dirisha, kabati, lori. Pazia lile nililishona kwa mikono yangu.

Methali yako ya sikio niliisoma mara nyingi kuliko ulivyofikiri. Najua ulikuwa unanitania.

Siendi hospitali. Baba aliingia akitembea kwa miguu yake, akatolewa na watu wanne. Mama alisema kisu cha daktari ndicho kilichomuua, nami nilifika kutoka porini nikakuta tayari amefunikwa. Niachie muda wangu. Sikio moja linatosha kusikiliza muziki.

Naogopa, dada. Usimwambie Mama Pacha hivyo.

Kaka yako

16 Aprili

Kaka yangu,

Wewe ulikuwa porini, mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha daktari, nikiwa na sare ya shule. Niliyoyasikia nakupa leo, kwa sababu Mama hayupo tena na hayatamuumiza.

Daktari alikuwa na picha mbili. Ya kwanza ilipigwa muda mrefu kabla, Baba alikwenda peke yake bila kutuambia. Uvimbe ulikuwa kama punje ya harage. Alitakiwa arudi mwezi uleule. Hakurudi. Alinyamaza, akaendelea kusema laini ya simu mbovu, mpaka alipoanguka sokoni. Picha ya pili daktari aliishika juu ya dirisha ili Mama aone, na mimi nikaona nyuma yake. Ulikuwa kama ngumi ya mtoto. Mama alipiga kelele moja tu, kisha akamuuliza daktari, "Mbona hakuniambia?"

Baba alipofia kwenye operesheni, Mama akawaambia watu wote ni kisu. Kwake ilikuwa nafuu kumchukia daktari kuliko kumchukia Baba. Mimi nilikuwa mtoto, nani angeniuliza?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kisu hakikumuua Baba, aliuawa na ile miaka aliyotuficha. Nawe sasa unaomba muda. Muda wa nini, Kaka? Wa punje kuwa ngumi?

Nenda. Mwambie Mama Pacha leo, kabla hujaikunja barua hii. Naogopa kuliko wewe, na sijali kukuambia.

Bisibisi

5 Mei

Dada,

Nimekwenda. Mama Pacha alinishika mkono njia nzima, upande wa kulia, hakuniachia hata wakati wa kuandikisha jina.

Walinilaza ndani ya mashine inayogonga kama mafundi wa mabati. Nikafumba macho nikajifanya napima kiwanja. Kisha tukangoja barazani, na sijawahi kungoja kitu kwa namna ile. Daktari wa kike, mdogo kuliko pacha wangu nadhani, akatuita, akatuonyesha. Upo. Ni mdogo. Anasema umewahiwa, unaweza kutolewa, ingawa sikio lile pengine halitarudi. Nimepewa tarehe, Juni mosi. Mama Pacha alilia, halafu akamuuliza daktari kama ninaruhusiwa kubeba ndoo, kwa hiyo ujue amepata nguvu.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nichelewe kuandika. Daktari aliuliza kuhusu Baba, nikamweleza. Akaweka kalamu chini. Akaniambia aina hii wakati mwingine inatembea katika damu ya familia, na mara nyingi haiishii kwenye sikio moja. Akauliza, "Una ndugu wa baba na mama mmoja?"

Dada, kwa muda nilitaka kusema sina, kana kwamba nikisema hivyo haitakuona. Mama Pacha ndiye aliyenijibia.

Pacha wote wawili wamekwisha kwenda, picha zao safi, nilipata usingizi siku ile kwa mara ya kwanza. Umebaki wewe. Tafadhali nenda kapigwe picha wiki hii.

Kaka yako

12 Mei

Kaka,

Nimemshukuru Mungu kwa neno "mdogo". Nimelisoma kwa sauti karakanani, wateja wakanitazama.

Kuhusu mimi, usijitie presha, wewe una operesheni mbele yako. Mimi sina dalili yoyote. Ni kweli kuna siku masikio yanavuma, lakini nani atakaa na spika kutwa asivume masikio? Ni kazi. Mwezi huu nina ukumbi mzima wa kufunga vyombo, spika nane, na mwenye ukumbi ni mkorofi. Hospitali ya hapa foleni yake unaijua. Labda baada ya Juni, ukishapona, nitakuja tukae tuzungumze. Hata karakana yangu ina mwangwi mbaya upande mmoja, lazima niweke mapazia kwanza ndipo nijue nasikia nini.

Kula vizuri. Mpe wifi pole.

Bisibisi

18 Mei

Bisibisi,

Nimesoma barua yako pamoja na Mama Pacha. Tulipofika kwenye mwangwi na mapazia, aliweka mkono mdomoni, akatoka nje.

Sikutukani. Barua ile ningeweza kuiandika mimi. Nimeiandika mimi, mwezi wa pili na wa tatu.

Nimerudi kwa daktari yule. Amekuwekea nafasi hapahapa, kwenye mashine ileile, tarehe thelathini Mei. Nimemwambia, na Mama Pacha ni shahidi, kwamba tarehe moja Juni siingii chumba chake mpaka nione picha yako. Daktari alisema huo ni wazimu, tarehe ikipotea sijui nitapata lini nyingine. Nikamwambia anisamehe, lakini ndivyo tulivyo kwetu, hatuendi mpaka tusukumwe.

Ulinisukuma kwa kumtaja Baba, mimi nakusukuma kwa kichwa changu mwenyewe. Unipende au unichukie. Ukitaka nipone, panda basi.

Kaka yako

28 Mei

Kaka,

Hii siiposti, nitakupa mkononi. Naiandika ndani ya basi ili vidole viwe na kazi.

Nimemwambia mwenye ukumbi atafute fundi mwingine. Amenitukana. Jana jioni, baada ya kufunga mlango, niliweka spika mbili juu ya meza, nikapima pembetatu, nikakaa katikati. Nilishindwa kuwasha. Nilikaa tu na kidole kwenye swichi kama mjinga. Kazi yangu yote ni hiyo, kuwasha na kusikiliza. Mwishowe nikachomoa waya nikaenda kufunga nguo.

Ulikuwa na chombo cha kugeuza, ukakigeuza, ukaona, ukalia mbele ya taarifa ya hali ya hewa, kisha ukaenda. Mimi nilikuandikia kwa ukali kama hakimu, na leo nilisimama chini ya ngazi za basi mpaka kondakta akanipokea begi. Nisamehe ule ukali. Nilidhani woga ni wa mtu mmoja mmoja, kumbe tunagawana.

Sijui nina nini kichwani. Tukifika, usiniulize lolote, na usinipeleke kwenye kile chumba. Nipeleke jikoni kwa wifi, mnikalishe kati yenu, mpige soga za kawaida mpaka kesho kutwa.

Tumeanza kuingia mjini. Nakuona kituoni, umesimama na Mama Pacha, umemshika bega usiyumbe, unanitafuta kwenye dirisha lisilo langu.

Dada yako